Kitufe cha Bendera Nyeupe

Msimu wa mavuno Kitale, mtu wa mizani hana rafiki. Mkulima anataka kilo ziwe nyingi, mwenye ghala anataka ziwe chache, na wewe uliyesimama katikati na kalamu unatukanwa na wote wawili. Khaemba alikuwa ametukanwa tangu asubuhi. Malori na matrekta yalipanga foleni kutoka kwenye mizani hadi nje barabarani, vumbi la makapi lilimjaa puani, na kila aliyeambiwa mahindi yake bado yana unyevu alimwangalia kana kwamba yeye ndiye aliyeleta mvua. Hakubishana na mtu. Aliandika, akasema "haya, mwingine," akaendelea. Pale ghalani walimsifu sana kwa upole. Upole! Ngoja nikuonyeshe huo upole.

Saa ya chakula alijificha nyuma ya magunia matupu, akatoa simu, akafungua sataranji. Hakula. Alikuwa amechoka ile namna ambayo hata kutafuna ni kazi. Akacheza ule mchezo wa haraka wa dakika tatu na kijana wa nchi ambayo hakujua hata iko wapi, akaanza vizuri, akapoteza malkia, akabonyeza kile kitufe chenye bendera nyeupe kinachomaanisha nimekubali, umenishinda. Akacheza mwingine. Malkia akaenda, bendera. Mwingine tena, bendera. Kisha akarudi kwenye mizani kutukanwa.

Mchezo wenyewe alifunzwa na mkewe. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kabla ya mtoto, Jentrix alichora ubao kwenye katoni, akakata kete za karatasi, akamwonyesha farasi anavyoruka na ngome inavyokwenda moja kwa moja. Khaemba alicheka, akashangaa, akashika haraka. Hakuwahi kumuuliza yeye alifunzwa na nani. Khaemba hakuwa mtu wa kuuliza. Baadaye Jentrix alichoka kucheza na mtu anayeinuka kila akizidiwa, na Khaemba akahamia kwenye simu, ambako kuna dunia nzima ya watu wa kukufunga bila kukujua.

Sasa Jentrix mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kwao, upande wa Myanga kule Bungoma, pamoja na binti yao Naliaka, tangu mahindi yakiwa mabichi.

Kisa kilikuwa mpaka wa shamba. Simiyu, kaka mkubwa wa Khaemba, aliingiza trekta kwenye kipande chao cha shamba huko Kiminini, akang'oa miti ya lusiola ambayo baba yao aliipanda kugawa mashamba, akalima hadi kwenye migomba ya Jentrix. Jentrix alikuja mbio kumwambia. Khaemba akasikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Mwache tu. Ameshinda."

"Ameshinda nini? Kwani kulikuwa na mashindano?"

"Mama Naliaka, nimechoka, bana."

"Hujachoka. Unaogopa. Siku mtu akija kunichukua mimi, pia utasema ameshinda?"

Hapo mwanamume mwingine angejibu, hata kwa hasira, hata ovyo. Khaemba alisema, "Sawa basi, hata wewe umeshinda," akachukua simu, akatoka nje kucheza. Aliporudi ndani alimkuta mkewe anakunja nguo. Hakumzuia. Alimbebea begi mpaka stendi, hebu fikiria! Akamlipia mtoto biskuti, akapunga mkono, akarudi kwenye nyumba yao ya mtaa wa Tuwani, pale Kitale, ambayo sasa ilikuwa na sauti ya friji peke yake.

Chaki_Nyeupe alijitokeza mwanzoni mwa mavuno hayo. Ndilo jina alilojipa huyo mtu kwenye mchezo, na kando yake kibendera cha Kenya. Hakuna picha, hakuna mji. Khaemba alianza kama kawaida yake, vizuri, hata akampita kidogo, halafu farasi wa Chaki akaruka mahali ambapo alimtisha mfalme na malkia kwa pamoja. Malkia akaenda. Khaemba akabonyeza bendera.

Ujumbe ukaingia. "Mbona umeondoka?"

"Nimepoteza malkia," Khaemba akaandika. "Umeshinda."

"Sijakushinda. Ulikuwa na ngome mbili na askari karibu wote. Umeniachia meza tu."

Kwa namna alivyoweka nukta na mkato mahali pake, Khaemba alijua huyu ni mwalimu. Akauliza. Akajibiwa kuwa ndiyo, mstaafu. Sasa walimu wastaafu wanaokaa na simu mkononi wamejaa Magharibi nzima, na kichwani mwa Khaemba mwalimu mstaafu anayecheza sataranji hawezi kuwa kitu kingine ila mzee wa kiume mwenye miwani na sweta. Akaanza kumwita mzee. Mzee hakukataa.

Wakacheza tena na tena, na Khaemba akafungwa tena na tena, mpaka siku moja akaandika, "Mzee, niambie ukweli. Shida yangu ni gani? Naanza vizuri halafu naanguka."

Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa refu.

"Nimepitia michezo yako ya nyuma. Nianze na sifa, kwa sababu mtoto ukimwanzia na makosa atakimbia. Unafungua vizuri kuliko wengi wa kiwango chako. Huna pupa. Unamwona farasi wa mwenzako kabla hajaruka, siku ambazo hujachoka, na ukiwa mbele unashikilia taratibu kama mtu anayepima kitu. Hiyo ni nguvu, usiidharau. Sasa udhaifu. Unafikiri ni malkia. Kweli unampoteza ovyo, lakini kila mtu humpoteza. Shida ni kwamba akishaenda huangalii ubao tena. Kuna michezo umeikimbia mkiwa sawa kwa sawa. Kuna mmoja, Mungu anisamehe, ulikimbia ukiwa mbele."

Khaemba akarudi kuutafuta huo mmoja. Ni kweli. Alikuwa mbele kabisa, na akaondoka. Alijiona mjinga hadi masikio yakawaka moto.

"Mpango ni huu," Chaki aliendelea. "Achana na ile ya dakika tatu, inakufunza mbio. Tucheze ule wa pole, ambao mtu anaweza kukaa siku kadhaa akiwaza hatua moja. Kile kitufe cha bendera usikiguse mpaka mavuno yaishe. Ukizidiwa, kaa. Mfalme wako akifungwa, afungwe ukiwa umeketi. Halafu uniandikie ulichokiona ukiwa pale chini."

Ni jambo dogo kwa kulisema. Kwa Khaemba ilikuwa mateso. Alikaa kwenye michezo iliyooza, akitazama kete zake zikiokotwa moja moja, kidole kikimwasha kwa hamu ya bendera. Saa ya chakula nyuma ya magunia, jioni akingoja ugali uive, aliketi akipigwa. Lakini polepole akaanza kuona vitu. Aliona kuwa mwenye malkia naye huchoka. Aliona kuwa mtu anayejua ameshinda huanza kucheza vibaya. Na mwalimu alimfunza kujenga boma: ngome yako isimame ikilindwa na askari, mfalme akae nyuma yake, ngome iende nafasi moja na kurudi, iende na kurudi, na malkia wa mwenzako azunguke nje mpaka achoke.

"Mimi hupanga kwenye ubao wangu wa mbao, wa zamani, tuliokuwa tukifunzia watoto shuleni," Chaki aliandika siku moja. "Malkia mweusi alipotea. Natumia kifuniko cha soda."

Khaemba akacheka peke yake hadi mpakiaji mizigo mmoja akachungulia kuona kuna nini. Ilikuwa ni muda hajacheka.

Sasa, ukishazoea mtu usiyemjua, mdomo hulegea. Siku moja, baada ya dereva mmoja wa lori kumtukania hadi marehemu mama yake, Khaemba alikaa nyuma ya magunia akaandika bila kupumua:

"Mzee, mke wangu alirudi kwao. Anayemharibu ni mama yake. Naye ni mwalimu mstaafu, wale wa kuhukumu watu na kujiona, samahani, si wewe. Mama mzuri angemwambia rudi kwa bwanako. Yeye anafuga tu watu waliotoroka. Hata binti yangu Naliaka wamemshikilia huko Myanga. Huyo mama ana roho mbaya, ni vile watu hawasemi."

Akatuma. Akaona nafuu, kama mtu aliyetua gunia.

Chaki akanyamaza. Zamu ilikuwa yake na hakucheza. Siku zikapita, saa ya mchezo ikawa inakaribia kuisha, Khaemba akaanza kuogopa kuwa mzee wa watu amelazwa ama amekufa. Alishangaa jinsi moyo ulivyomuuma kwa ajili ya kifuniko cha soda.

Kisha: "Nilikuwa na shughuli. Nimecheza. Ni zamu yako." Na baadaye kidogo: "Huyo mama mkwe, umewahi kuzungumza naye?"

Khaemba akacheka. "Mzee, kwani wewe si Mbukusu? Mama mkwe anazungumziwa wapi?"

Na kweli hazungumziwi. Huko kwao mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawaketi chumba kimoja, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anapisha na kutazama pembeni. Ni heshima, na ni heshima kubwa. Khaemba alikuwa amemwoa Jentrix miaka mingi na uso wa mama yake hakuwahi kuutazama sawasawa. Alijua kanga tu, na mgongo, na sauti moja ya kusalimia kutoka mbali.

"Najua," Chaki akajibu. "Nimeuliza tu. Na mkeo je, umewahi kumuuliza anataka nini?"

Khaemba akasogeza ngome.

Ndipo ikaja simu kutoka Myanga. Aliyepiga ni Mzee Levi, ndugu ya marehemu baba yake Jentrix, na hakumpigia Khaemba bali Kizito, baba mdogo wa Khaemba, maana mambo kama hayo yanapitia kwa wazee. Alisema mtoto wao Jentrix amekaa nyumbani vya kutosha, mwenye mke hajaonekana, na wao wanataka kujua kama ana mume ama hana. Waje Jumamosi. Kama mwenyewe hana la kusema, basi Jumamosi hiyo iwe ndiyo mwisho, kila mtu ashike njia yake.

Kizito alikuja hadi Kitale kumweleza ana kwa ana. "Nitakupeleka na pikapu yangu," alisema. "Lakini kusema siwezi kukusemea. Nilisema wakati wa kuoa. Safari hii wanataka kusikia mdomo wako."

"Baba mdogo, wakisema abaki, mimi nitafanya nini?"

Kizito akatikisa kichwa. "Wewe kijana," alisema, "unanichosha."

Usiku wa Ijumaa Khaemba alimwandikia Chaki kuwa kesho anaitwa huko kwa mkewe, na kwamba amechoka, na kwamba wakiamua abaki, abaki tu. Jibu likaja papo hapo.

"Mpango wetu ulikuwa mpaka mavuno yaishe. Yameisha?"

"Bado."

"Basi."

Waliondoka asubuhi, wakapita Webuye, wakapita Bungoma mjini, wakafika Myanga jua likiwa limeshapanda. Boma la mama mkwe lilikuwa limefagiwa hadi mistari ya ufagio ikaonekana kwenye udongo. Mzee Levi aliwapokea mlangoni. Naliaka alikuja mbio akamkumbatia baba yake kiunoni, kisha akatumwa kwa jirani akacheze, kwa sababu mambo ya siku hiyo hayakuwa ya mtoto. Kutoka jikoni, ile nyumba ndogo ya nyuma, sauti ya mwanamke ikasalimu, "Mulembe," bila mwenyewe kuonekana. Khaemba akajibu akitazama chini.

Sebule ilikuwa safi. Vitambaa vyeupe kwenye viti, kalenda ya kanisa ukutani, maua ya plastiki yaliyooshwa. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya wageni, isipokuwa kitu kimoja. Juu ya meza ndogo kando ya dirisha, karibu na kiti alichoonyeshwa Khaemba, kulikuwa na ubao wa sataranji wa mbao, na kete zimesimama katikati ya mchezo.

Khaemba akaketi. Akatupa jicho, vile mchezaji yeyote angetupa. Mfalme mweupe alikuwa pembeni. Mbele yake ngome, ikilindwa na askari. Akaona lile boma, akaona ni boma lake. Ni nafasi ile ile, askari kwa askari, aliyoiacha kwenye simu yake jana. Na kule ng'ambo, mahali pa malkia mweusi, palikuwa na kifuniko cha soda.

Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa yote kwa mara moja, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Jentrix alifunzwa na nani. Chaki ni ya nani. Mzee aliyenyamaza siku zote zile alinyamazia nini. "Ana roho mbaya, ni vile watu hawasemi." Alikuwa amemwandikia hayo mama mkwe wake. Kwa mkono wake mwenyewe! Mtu ambaye hata jina lake halitaji, alikuwa ameketi naye ubao mmoja msimu mzima, amemwita mzee, amemlilia shida za chumba chake, amemtukana, na akafunzwa naye kama mtoto. Mwiko huo hata wazee waliokuwa pale wasingejua wauanzie wapi.

Mzee Levi alikuwa anasema kitu. Jentrix alikuwa ameingia, amekaa karibu na mlango, amekonda kidogo, hamwangalii. "...kwa hiyo mkwe," Levi alikuwa anamalizia, "tumekuita useme. Huyu ni mke wako ama si mke wako?"

Khaemba akasimama. "Baba, naomba nitoke kidogo," alisema. Akatoka. Hakusimama uani. Alipita pikapu, akaenda moja kwa moja kuelekea njia ya lami, na kichwani mwake alikuwa anasema wameshinda, wote wameshinda, nirudi Kitale nikapime mahindi ya watu, niwachwe. Alikuwa mchovu kuliko alivyowahi kuwa. Aibu inachosha kuliko magunia, mtu asikudanganye.

Simu ikatetemeka mfukoni.

"Chaki_Nyeupe amecheza. Ni zamu yako."

Hakukuwa na ujumbe mwingine. Akafungua. Malkia mweusi alikuwa amesogea nafasi moja, pembeni, mahali pasipotisha mtu. Ilikuwa hatua isiyo na maana yoyote. Chaki hajawahi kucheza hatua isiyo na maana. Khaemba akageuka akatazama nyumba. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Huyo mama hangeweza kutoka kumwita, hangeweza kumshika mkono, hangeweza kusimama mbele ya mkwe wake amwambie rudi. Alikuwa ameketi kule na sufuria na simu, amempa zamu.

Khaemba alisimama pale barabarani hadi bodaboda moja ikampigia honi. Kisha akarudi.

Sebuleni Kizito alikuwa ameshashika kofia yake, tayari kwa aibu ya kuaga. Khaemba hakuketi kwanza. Alisimama katikati ya vitambaa vyeupe, akaanza kusema, na hakusema vizuri, tusidanganyane.

"Mimi sijui kusema. Mnajua. Huyu ni mke wangu. Mama Naliaka, sikukusaidia. Lile shamba, mimi... Simiyu alinipiga sana tukiwa wadogo. Mpaka leo akipaza sauti tumbo langu linauma. Na mimi ni mtu mzima, napima malori. Nikakwambia nimechoka. Ulisema ukweli, naogopa. Lakini pia nimechoka, yote mawili."

"Kwa nini hukusema hivyo?" Jentrix aliuliza. Sasa alikuwa anamwangalia. "Mimi nilihitaji nini? Ukasema umeshinda! Nimeshinda nini, Baba Naliaka? Umenibebea begi!"

"Nilidhani unataka kwenda."

"Nilitaka unishike begi nisiende!"

"Si ungesema!"

"Si ungeuliza!"

"Sasa nauliza!" Khaemba akapaza sauti, na ilikuwa mara ya kwanza watu wa nyumba hiyo kumsikia akipaza. "Unataka nini? Niambie, nipo hapa!"

Levi akafungua mdomo kuwatuliza. Kizito akamgusa goti, wacha.

Wakabishana. Walibishana juu ya Simiyu, na migomba, na simu, na Krismasi moja iliyopita, na mambo ambayo wazee hawakutaka kuyasikia. Jentrix alilia katikati, akajifuta, akaendelea pale pale alipoachia. Mara mbili Khaemba alihisi yale maneno yakimpanda kooni, sawa basi umeshinda, na mara zote mbili akayameza, akakaa. Jikoni hakukuwa na mlio wa kijiko.

"Nataka twende kwa Simiyu," Jentrix alisema mwishowe, amechoka naye. "Wewe na mimi na mzee wa mtaa. Nataka usimame pale, upige kelele kama hivi, hata tukikosa shamba."

"Twende. Jumatatu."

"Una kazi Jumatatu."

"Mahindi yatangoja."

"Sijasema nitarudi Kitale."

"Na mimi sijaondoka," Khaemba akasema.

Jentrix akageuza uso upande wa dirisha, lakini bega lake lilitikisika, na Kizito aliyemwona anasema hadi leo kwamba alikuwa anacheka. Levi akapumua kwa nguvu. "Mtu alete chakula," akasema. "Hawa watu wameniua na njaa."

Kuku akaletwa, na ugali wa wimbi, ukibebwa na binti wa jirani, kwa sababu aliyepika hangeweza kuuleta mwenyewe. Khaemba alikula mpaka akalamba vidole. Wakakubaliana: Jumatatu wakutane Kiminini, na baada ya hapo Jentrix aamue yeye. Hiyo haikuwa ndiyo. Lakini Khaemba aliondoka mezani na kitu ambacho hakuja nacho.

Wakati wa kuaga, mama mkwe alisimama mbali, nyuma ya migomba, amejifunika kanga kichwani, amewapa mgongo nusu kama inavyotakiwa. Kizito alimsalimu kwa sauti, akajibiwa. Khaemba alivua kofia. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanamke yule, msamaha kwanza, na hakukuwa na hata moja lililoruhusiwa kuvuka ule uwanja uliofagiwa. Akafikiri, nitamwandikia. Nikifika Kitale nitamwandikia Chaki.

Jentrix alikuwa amemsindikiza hadi kwenye pikapu. Simu ikatetemeka. Khaemba akaitoa.

"Chaki_Nyeupe amekubali kushindwa. Umeshinda."

Aliisoma, akaisoma tena. Ubao ulikuwa vile vile, malkia mweusi mzima, boma lake limekazana pembeni, mchezo ambao yeye asingeweza kuushinda hata wakicheza mwaka. Akabonyeza jina la Chaki ili aandike. Simu ikamwambia akaunti hiyo imefungwa. Bila shaka ilibidi. Sasa kwa kuwa anajua, hawangeweza tena kuketi ubao mmoja. Machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya watu, na hakuyaficha.

"Nini tena?" Jentrix aliuliza. "Baba Naliaka, mbona unalia?"

"Nimeshinda," Khaemba akasema.

Jentrix akamnyang'anya simu. Akasoma lile jina, akalitambua. Akainua macho taratibu kuelekea kwenye migomba, ambako mama yake alikuwa ameshageuka, anarudi jikoni polepole, mkono mmoja ukishikilia kanga.

"Mama hakubali kushindwa na mtu," alisema. "Hata sisi watoto wake, tukiwa wadogo, tukilia, hakuwahi kutuachia."

Akamrudishia simu, akabaki ameshika mkono wake.